Amana na Akiba

Mara ya kwanza kuwasikia Waepikureo na Wastoiko nilikuwa na miaka tisa hivi, nimebanwa kwenye benchi la kanisa kati ya mama na mjomba. Msomaji wa siku ile alikuwa amefika sura ya 17 ya Matendo ya Mitume, pale Paulo anapozunguka Athene na kukutana na wenye hekima wa mji. Akayafikia majina yale mawili, akakwama, akayapita silabi kwa silabi kama mtu avukaye mto juu ya gogo, kisha akashusha pumzi na kuendelea. Mimi nikajua ni makabila. Kama Biblia ina Wafilisti na Waamaleki, hawa nao watakuwa majirani zao, pengine wanagombea kisima. Tulipotoka nikamuuliza mjomba, ambaye alikuwa mwalimu na hakupenda kukiri kwamba kuna jambo halijui. "Wale wa kwanza walipenda raha," akanijibu. "Hawa wa pili walipenda kujikaza."

Jibu hilo nilikaa nalo zaidi ya miaka thelathini. Wala si la kumcheka mjomba, kwa maana ukiwauliza watu waliosoma kumzidi watakupa hilohilo kwa maneno marefu. Ubaya wake ni kwamba limekosea pande zote mbili.

Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele na ua nyuma. Barazani hukaa yeyote: jirani, mpita njia, hata anayekudai. Uani huingii mpaka uitwe. Sioni njia nyepesi zaidi ya kumweleza mtu wa kwetu tofauti ya shule hizi mbili, maana hivyo hasa ndivyo zilivyokaa.

Mwanzilishi wa Wastoiko, Zeno, alikuwa mfanyabiashara wa Citium katika kisiwa cha Kupro. Masimulizi ya kale yanasema alikuwa amepakia rangi ya zambarau kutoka Foinike, chombo kikazama karibu na bandari ya Athene, naye akapanda mjini mikono mitupu na kuketi kwenye duka la muuza vitabu. Muuzaji alikuwa akisoma kwa sauti habari za Socrates. Zeno akauliza watu wa namna hiyo hupatikana wapi. Wakati huohuo mwanafalsafa mmoja, Crates, alikuwa akipita njiani, na muuza vitabu akamwonyesha kwa kidole: mfuate yule. Akamfuata. Karibu mwaka 300 K.K. akaanza kufundisha mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa mgeni asiye na jengo, alifundishia kwenye ukumbi wa nguzo uliokuwa wazi pembeni mwa soko, wenye picha za vita ukutani. Ukumbi wa namna hiyo Wagiriki waliuita stoa. Nikitakiwa kuutafsiri sitahangaika: ni baraza. Wastoiko ni Watu wa Baraza.

Epicurus alizaliwa mwaka 341 K.K. katika kisiwa cha Samos, mtoto wa mwalimu. Alipohamia Athene karibu mwaka 306 hakwenda sokoni. Alinunua nyumba na bustani, akaishi humo na marafiki zake. Nyuma ya ukuta ule walikuwamo wanawake, mmojawapo Leontion, aliyethubutu kuandika kitabu cha kumpinga Theophrastus, mkuu wa shule aliyoiacha Aristotle. Walikuwamo na watumwa. Mys, aliyejifunza falsafa pamoja na bwana wake, aliachiwa huru katika wasia. Mji ukanong'ona, na ungeachaje? Wanawake na watumwa ndani ya ua mmoja na mtu anayefundisha kwamba heri ya maisha ni raha: uvumi unahitaji nini tena? Timocrates, aliyekuwa mwanafunzi kisha akajitoa, alieneza kwamba mwalimu anatapika mara mbili kwa siku kwa ulafi.

Sasa mtazame huyo mlafi. Chakula chake cha kila siku kilikuwa mkate na maji. Katika barua moja anamwomba rafiki ampelekee kijungu cha jibini, ili siku akijisikia kufanya karamu awe na cha kufanyia.

Tatizo ni neno. Epicurus alisema hedone, na wafasiri wenye haraka hulitia "anasa", halafu hukumu inakuwa imekwisha kabla ya kesi. Mimi ningependa tulijaribu neno starehe, lakini starehe ya zamani. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, na kwao shina lake ni kupumzika. Pwani bado unaweza kulisikia likiwa na maana yake ya awali: unaingia mahali, mzee anataka kuinuka akupishe, nawe unamwahi, "Starehe, mzee, starehe." Yaani kaa ulivyo, usijisumbue. Hiyo ndiyo ataraxia aliyoitafuta Epicurus, hali ya moyo usiosumbuliwa na hofu; ongeza mwili usiouma, basi. Kilele cha raha kwake kilikuwa hapo, na kuanzia hapo raha haiongezeki, inabadilishwa ladha tu. Mabango ya bia yalipolichukua neno letu yalifanya kazi ileile aliyoifanya Timocrates.

Matamanio aliyapanga mafungu matatu, na kwa mpango huo anaonekana mkali kuliko masheikh wengi. Kuna ya asili na ya lazima, kama maji kwa mwenye kiu. Kuna ya asili yasiyo ya lazima, kama kutaka maji hayo yawe sharubati. Halafu kuna matupu, yasiyo ya asili wala ya lazima: taji, sanamu yako sokoni, jina kubwa. Hayo ya mwisho hayana shibe kwa sababu hayana tumbo. Kiswahili kina kitenzi cha ajabu, kukinai. Aliyekinai ameridhika na alicho nacho, hana haja na cha mtu. Na aliyekinai chakula amekila mpaka kinamchefua. Epicurus alifundisha kukinai kwa maana ya kwanza, akashtakiwa kwa maana ya pili.

Upande wa Wastoiko kosa letu ni hilo "jikaze". Kwetu huambiwa mvulana aliyeanguka na baiskeli, mwanamke aliye leba, na mfiwa. Mara nyingi na mtu ambaye hajui afanye nini na machozi ya mwenzake. Wastoiko hawakufundisha kumeza kilio. Walifundisha jambo la ajabu zaidi: kwamba kati ya kinachokupata na kinachokuumiza kuna nafasi ndogo, na katika nafasi hiyo wewe ndiye hakimu. Mwandishi wa Kirumi Aulus Gellius anasimulia safari yake ya baharini kwenda Brundisium, Italia. Usiku dhoruba ikawapiga, maji yakaingia chomboni, watu wakapiga mayowe. Mlikuwamo mwanafalsafa mashuhuri wa Kistoiko, na Gellius akamkazia macho aone hekima inakaaje kwenye mawimbi. Hakulia, hakupiga kelele, lakini rangi ilikuwa imemtoka kama wengine wote. Bahari ilipotulia, tajiri mmoja akamkejeli: vipi mwenzetu, sisi tunasamehewa, wewe umeogopa nini? Mwanafalsafa akampuuza kwa neno la mzaha. Gellius alipomuuliza kwa adabu, mzee akatoa mkobani kitabu cha mafundisho ya Epictetus na kumwonyesha. Ule mshtuko wa kwanza, kupauka, kutetemeka, humpata hata mwenye hekima, kwa kuwa mwili hauombi ruhusa. Tofauti inaanza baada ya hapo: mjinga anaukubali mshtuko na kusema ni kweli, nimeangamia, mwenye hekima hautii sahihi.

Nampenda yule mzee kwa kupauka kwake. Laiti mjomba angenihadithia huyo.

Mpaka hapa unaweza kudhani shule hizi ni ndugu waliogombana kwa jambo dogo. Zote mbili zinakula kidogo, zote zinadharau taji, zote zinasema kifo si cha kuogopwa. Seneca, Mstoiko wa Roma, anapomwandikia rafiki yake Lucilius barua, nyingi kati ya zile za mwanzo anazifunga kwa zawadi ya usemi kutoka kwa Epicurus, na anajitetea kwamba huingia kambi ya adui kama mpelelezi, si mtoro. Mpelelezi gani anarudi kila juma na kikapu kimejaa! Lakini hawakuwa ndugu. Walitengana kwenye swali ambalo halijitokezi mpaka upotewe na kitu.

Epictetus alilijua swali hilo tangu utotoni, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa kitu cha mtu. Alizaliwa mtumwa huko Hierapolis, Asia Ndogo, katikati ya karne ya 1, na hata jina lake maana yake ni "aliyepatikana", kama mali. Alikuwa kiwete wa mguu mmoja. Alipopata uhuru alifundisha Roma, na mfalme Domitian alipowafukuza wanafalsafa akahamia Nicopolis, magharibi mwa Ugiriki. Hakuandika kitu, tunayo maneno yake kwa sababu mwanafunzi wake Arrian aliyanakili. Katika kile kitabu kidogo kilichokusanya mafundisho yake anatuonya tusiseme kamwe juu ya kitu chochote kwamba kimepotea. Kimerudishwa. Shamba limechukuliwa? Limerudishwa. Mke amekufa, mtoto amekufa? Wamerudishwa. Na ukilalamika kwamba aliyekunyang'anya ni mwizi, anakuuliza: yanakuhusu nini mikono ambayo Mwenyewe ameitumia kudai chake? Maadamu umeachiwa, kitunze kama msafiri anavyotunza chumba cha nyumba ya wageni.

Hiyo ni amana. Siku tuliyomzika mama, mjomba aliyazungumza hayo kaburini bila kujua kwamba ananukuu maneno ya barazani kwa Zeno. Alisema mama alikuwa amana, na Mwenyewe ameitaka amana yake, nasi tumshukuru kwa muda aliotuachia. Watu waliitikia. Hata jirani zetu Waislamu waliokuja kuzika waliitikia, maana nao wana maneno yao ya marejeo kwa kila msiba na maana yake haipishani na hiyo. Nakumbuka nilitulia. Amana ni neno lenye mgongo. Linakupa cha kufanya na mikono yako: unaifungua.

Lakini amana haisimami bila Mwenyewe. Wastoiko walikuwa naye: waliamini ulimwengu wote unaendeshwa na akili moja, nao waliiita Zeus, au Mungu, au maumbile, na kila lililotokea lilikuwa na mahali pake katika mpango. Ndiyo maana dini zetu zilipatana nao upesi. Paulo mwenyewe, akiwa Athene, anataja maneno ya washairi wa Kigiriki juu ya wanadamu kuwa wazao wa Mungu, na wazo hilo lilikuwa la nyumbani kabisa kwa Wastoiko. Karne ya 4 mtu alitunga barua za uongo kati ya Paulo na Seneca, na Wakristo wengi wakazipokea kwa furaha. Huko Baghdad, karne ya 9, mwanafalsafa al-Kindi aliandika risala ya namna ya kuondoa huzuni, na ndani yake mna mfano mrefu wa wasafiri wa chombo walioshuka pwani: wengine wanaokota makome na maua, wanajitwisha, wanasahau chombo, mpaka nahodha anapoita. Mfano huo kwa ufupi umo kwa Epictetus. Epicurus yeye, kwa karne nyingi, hakupata katika dini hizo wa kumsafishia jina. Kwa Wayahudi jina lake liligeuka kuwa neno la kumwita mkanushaji. Mshairi Dante alimweka motoni, ndani ya kaburi linalowaka, pamoja na wote waliosema roho hufa na mwili.

Na kweli alisema hivyo. Kwake vyote vilivyopo ni chembe na utupu. Miungu ipo, lakini imestarehe mbali huko, haina habari nasi, haikopeshi, haidai. Kifo ni chembe kutawanyika. Tukiwepo sisi hakipo, kikiwepo hatupo. Basi mtu anayeamini hivyo, akifiwa, anamrudishia nani? Hakuna aliyemwazima. Mikono ameifungua, na mbele yake hakuna mtu.

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu, nikidhani Epicurus ni mwalimu wa watu wenye afya. Kilichonigeuza ni kifo chake.

Alikufa mwaka 270 K.K., akiwa na miaka zaidi ya 70. Jiwe lilimziba mkojo, akateseka siku 14. Siku ya mwisho aliingia kwenye birika la shaba lenye maji ya moto, akaomba mvinyo usiochanganywa maji, akawasihi rafiki zake wayakumbuke mafundisho. Kabla ya hapo alikuwa amemwandikia rafiki yake Idomeneus barua fupi. Anamwambia kwamba leo ni siku ya heri, nayo ni ya mwisho. Maumivu ya kibofu na tumbo yamefika mahali ambapo hayawezi kuzidi. Lakini, anasema, dhidi ya hayo yote anaipanga furaha ya moyo inayotokana na kuyakumbuka mazungumzo yao. Halafu anamwomba awatunze watoto wa Metrodorus, mwenzao aliyekwisha kufa.

Cicero, msemaji wa Roma aliyeijua barua hii na hata kuitafsiri kwa Kilatini, aliisifu kwa mkono mmoja na kuipiga kwa mwingine. Barua ya mtu shujaa, akasema, ila haifanani na mafundisho yake: mtu aliyetufundisha kwamba maumivu ndiyo ubaya mkubwa kuliko wote hana haki ya kuiita siku kama hiyo ya heri. Kwa maneno mengine, Epicurus aliishi uani akatoka kufia barazani.

Nadhani Cicero, pamoja na ufundi wake wote wa mahakamani, hakusoma polepole. Mstoiko katika birika lile angesema maumivu haya si ubaya. Ubaya ni uovu peke yake, na mimi si mwovu. Epicurus hasemi hivyo hata kidogo. Anakiri yanauma, yanauma mno. Haamuru mwili unyamaze. Anachofanya ni cha mtu wa mizani: upande huu maumivu, upande ule anaweka kitu. Na kitu chenyewe ni nini? Si wema wake, si mpango wa ulimwengu, si thawabu ya kesho. Ni mazungumzo. Jioni fulani bustanini, fulani alisema hili, fulani akacheka. Anatoa alichokuwa amekiweka.

Hiyo ni akiba. Mali ya kuazima inaweza kudaiwa wakati wowote, lakini jana iliyokwisha kuliwa haidaiwi na yeyote. Mwenye chembe zake hana Mwenyewe wa kumrudishia, na kwa sababu hiyohiyo hana wa kumnyang'anya. Epicurus alimwona mtu anayesahau mema yaliyompata kuwa mzee leo hii hii, hata awe kijana. Ndiyo maana urafiki ulikuwa kwake kitu kikubwa kuliko vyote ambavyo hekima inaweza kukupatia. Katika wasia aliacha fedha ili wenzake waendelee kukutana tarehe 20 ya kila mwezi, kwa kumkumbuka yeye na Metrodorus. Watu wa nje waliona karamu.

Sitaki nimfanye malaika. Ukuta wa bustani ulisimama kwa sababu mji ulisimama, na mji ulilindwa na watu waliokubali kusumbuliwa. Alipowashauri wafuasi waishi bila kujulikana na wakae mbali na siasa, nani aliachiwa kazi ya kusema hapana kwa mtawala mwovu? Wastoiko. Thrasea Paetus alitoka nje ya baraza la Roma badala ya kumpigia Nero makofi, na mwaka 66 akalipa kwa roho yake. (Ila historia haipendi kupangwa safu: Cassius, mmoja wa waliomchoma visu Julius Caesar, alikuwa Mwepikureo.) Jemadari Demetrius alipouzingira mji wa Athene na njaa ikaingia, Epicurus aliwahesabia wenzake maharage, punje kwa punje, kila mtu sawa. Naipenda picha hiyo, mwalimu wa raha na lundo la maharage. Lakini aliyekaa nje ya ukuta alihesabiwa na nani?

Baraza nalo lina ufa wake, na ufa wake ni watoto. Epictetus anasema unapombusu mwanao jikumbushe kwamba kesho anaweza kufa. Marcus Aurelius, mfalme wa Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, aliliandika hilo tena katika daftari lake, na yeye hakuwa akicheza na maneno, maana alizaa watoto wasiopungua 13 na wengi wao aliwazika. Sijawahi kuisoma sehemu hiyo bila kutaka kumwondoa yule mtoto mikononi mwake. Kuna namna ya kumshika mtu kama amana ambayo tayari imeanza kumrudisha. Wasifu wa kale unasimulia kwamba Marcus alipokuwa kijana alimlilia mwalimu wake aliyefariki, na watumishi wa jumba wakataka kumzuia. Mfalme Antoninus, baba yake wa kulea, akawaambia wamwache awe mtu, kwani si falsafa wala ufalme unaomwondolea mwanadamu hisia. Seneca naye, katikati ya barua ya kumtuliza Lucilius aliyefiwa na rafiki, anakiri kwamba alipokufa Annaeus Serenus yeye alilia kupita kiasi, mpaka akawa mfano wa watu walioshindwa na huzuni. Waepikureo walikuwa wamewaambia Wastoiko zamani: anayezuia machozi ya msiba hajashinda kitu, amejitia ganzi tu, na ganzi ni ugonjwa mbaya kuliko huzuni.

Wenyewe kwa wenyewe walifahamiana kuliko sisi tunavyowafahamu. Rudi tena Matendo ya Mitume, sura inayofuata ile ya utoto wangu. Paulo ametoka Athene, yuko Korintho, analetwa mbele ya liwali Galio, ambaye anawafukuza washtaki bila kuisikiliza kesi. Huyo Galio ni kaka yake Seneca. Na ni kwake huyo ambaye Seneca aliandika kitabu chake juu ya maisha ya heri. Ndani yake anawashambulia Waepikureo kwa kurasa nyingi, halafu anasimama ghafla na kusema, kwa hoja ambayo lazima iliwaudhi wenzake, kwamba mafundisho ya Epicurus mwenyewe ni safi, hata makali, na waliomchafua ni walevi waliojificha chini ya joho lake. Seneca aliyeyaandika hayo alikuwa na utajiri ambao maadui zake waliutaja kuwa sesterce milioni 300. Nani basi aliishi kwa mkate na maji?

Mwaka 176 Marcus alipopita Athene aliweka fedha za kuwalipa walimu wa falsafa mjini humo: wa Plato, wa Aristotle, wa baraza, na wa bustani. Mfalme Mstoiko, aliyeamini ulimwengu una Mwenyewe, akimlipa kwa hazina yake mtu wa kufundisha kwamba hauna. Najiuliza kama aliwaza kidogo juu ya watoto wake aliposaini.

Mama aliugua miezi saba. Nimesema mjomba alinituliza kaburini, na ni kweli. Amana ilinifaa mimi niliyebaki. Kwake yeye, kitandani, sikuthubutu kulitaja neno hilo. Utamwambiaje mtu kwamba yeye ndiye kitu kinachorudishwa? Maumivu yalikuja zaidi usiku, baada ya saa nane, na hapo aliniomba nimhadithie. Hakutaka habari za leo. Alitaka za kale, na zaidi ya zote alitaka treni: siku aliyonichukua kutoka Tanga kwenda Korogwe kwa shangazi, mimi na dada yangu, dada akiwa bado ananyonya.

Kuna swali ambalo sijaona Epicurus akilijibu, nalo ni la akiba inayovuja. Mama alikuwa ameanza kusahau. Majina ya wajukuu yalichanganyika, asubuhi ilimpotea kabla ya mchana. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakukaa kwenye kiti kile cha plastiki kando ya kitanda. Lakini nilianza kuelewa kwa nini barua ile ilikwenda kwa Idomeneus, mtu aliyekuwapo, na kwa nini iliachwa pesa ya tarehe 20. Alichoweka mmoja kilikuwa kimewekwa kwa wengi. Mimi nilikuwa nikimtolea mama akiba yake kidogo kidogo, yeye amefumba macho, pumzi zikienda zikipungua kasi mpaka mkono wake ulioshika shuka unalegea.

Usiku mmoja nilifika pale ninapopapenda kuliko pote. Treni imesimama Muheza. Wauzaji wanakimbia pembeni ya behewa na vikapu kichwani. Mama anatoa noti dirishani, ananunua machungwa, na kabla hajapewa chenji treni inaanza kuondoka. Mvulana yule aliyeuza, hana viatu, anakimbia kando ya reli, anakimbia mpaka mwisho wa jukwaa na kulipita, mkono ameunyosha juu, mpaka mama anazishika sarafu zake. Nikasema machungwa yale yalikuwa matamu, tuliyamaliza kabla ya kufika Korogwe.

"Hayakuwa machungwa," akasema, bila kufumbua macho. "Yalikuwa machenza."